Jiwe Lisilouma Bado Ni Jiwe: Nilivyoamua Kutolewa Jiwe la Figo

Wiki hii nimepokea majibu ya kipimo cha mwisho: figo zote mbili safi, jiwe halipo, na ule uvimbe wa figo ya kushoto umeisha. Namshukuru Mungu. Karatasi ile nimeisoma hadi nimeikariri. Na kwa kuwa watu wananiandikia kila mara, "Na mimi nina jiwe, nifanyiwe operesheni au nisubiri?", nimeona heri nieleze yote mahali pamoja. Najua wewe unayesoma unataka kile nilichokitaka mimi: kupona na figo yako ibaki nzima.

Asiyewahi kuugua jiwe la figo hudhani ni maumivu ya mgongo tu. Siyo. Yanaanzia nyuma, chini ya mbavu, upande mmoja. Yanazunguka tumboni, yanashuka hadi kwenye kinena. Ukikaa hupati nafuu, ukisimama hupati, ukilala ndiyo kabisa. Mimi nilijikuta nimepiga magoti bafuni, paji la uso nimelibandika kwenye vigae kwa sababu ubaridi wake ndio pekee ulionipa ahueni, huku natapika maji matupu. Kisha yanaachia. Unajifuta jasho, unadhani yamekwisha, mara hayo yanarudi. Baadaye nilielezwa kwa nini yanakuja kwa vipindi: mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu hujikaza ili ulisukume jiwe, na mkojo uliozuiwa nyuma yake huitanua figo.

Vipimo vikaonyesha jiwe la milimita 8 limekwama kwenye mrija huo. Nikapewa dawa za maumivu na tamsulosini, dawa inayolegeza mrija ili jiwe lipate njia. Nikaambiwa ninywe maji, nisubiri.

Ushauri ule haukuwa mbaya. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kati ya 5 na 10, wapo linalowatoka na wapo linalowagomea. Likizidi milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa kusubiri nako kuna mwisho. Jiwe lililokwama kwenye mrija kwa kawaida hupewa wiki 4 hadi 6, tena kwa masharti: mgonjwa asiwe na homa, maumivu yatulizike kwa dawa, figo iwe inafanya kazi. Baada ya hapo unapimwa upya na uamuzi unafanyika. Mimi niliachiwa neno "subiri" peke yake, nikaenda nalo nyumbani.

Maumivu yakaisha. Kila mtu akanipongeza. Wakasema jiwe limetoka bila mimi kujua. Lakini jiwe la milimita 8 kwa kawaida halipiti kimyakimya, na moyo wangu haukutulia. Niliporudi kuomba kipimo kingine, daktari niliyemkuta zamu aliniuliza bila hata kuinua macho, "Kama huumwi, unatafuta nini hapa?" Nilitoka pale bila kusema neno. Swali lile halijanitoka hadi leo.

Sikukata tamaa. Nilimtafuta bingwa wa mfumo wa mkojo, akanisikiliza, akaagiza CT nyingine, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili. Jiwe lilikuwa palepale, halijasogea hata kidogo, na figo ilikuwa imevimba kuliko mwanzo. Alinieleza kwa upole: figo iliyozibwa kwa muda mrefu hupunguza kutengeneza mkojo, shinikizo linashuka, na maumivu yanashuka pamoja nalo. Kumbe ule utulivu niliopongezwa nao ulikuwa wa figo inayoanza kuacha kazi.

Ndugu yangu, hapa ndipo nataka unisikie. Usipime jiwe kwa maumivu. Maumivu yakiisha na hujaliona jiwe likitoka, rudi ukapimwe. Wakikukatalia, nenda kwingine. Ni figo yako, hawatakupa nyingine.

Kuhusu dawa za kuyeyusha mawe, nililetewa za kila aina na watu wanaonipenda, na nia yao naiheshimu. Ila ukweli ni huu. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu, na hayo hakuna kinywaji kinachoyayeyusha. Mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyuka, lakini kwa dawa za daktari zinazopunguza ukali wa asidi kwenye mkojo, kwa wiki kadhaa na kwa vipimo. Anayekuuzia chupa bila kujua jiwe lako ni la aina gani, anakuuzia muda wako wa kuokoa figo.

Sasa uamuzi wenyewe. Niliposikia "upasuaji" niliona kisu kinapasua ubavu. Daktari akachora kwenye karatasi figo, mrija na kibofu, akaniwekea nukta pale jiwe lilipo. Akasema ziko njia tatu, na ule upasuaji wa zamani wa kufungua ubavu siku hizi hufanyika kwa nadra sana. Ya kwanza ni mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili hadi jiwe livunjike. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Hukatwi popote, ila vipande lazima uvitoe mwenyewe kwa mkojo, na jiwe gumu sana huweza kugoma. Ya pili ni kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, kupitia kwenye kibofu hadi kwenye jiwe, kisha kulivunja kwa leza. Hapo pia hakuna kidonda cha nje. Ya tatu ni tundu dogo mgongoni hadi ndani ya figo, na hii hasa ni kwa mawe makubwa yanayozidi milimita 20.

Mimi nilichagua kamera na leza, na najivunia kwamba nilichagua kwa kuelewa. Nilimuuliza jiwe lina ukubwa gani, liko wapi hasa, ni gumu kiasi gani, figo imeathirika kiasi gani, na nikiliacha itakuwaje. Alijibu yote bila kuchoka. Uliza na wewe. Ukiona daktari anakasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Woga ninaujua, nilikuwa nao hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Lakini woga hausogezi jiwe.

Siku ya operesheni sina mengi ya kusema: nilichomwa dawa ya usingizi, nikaamka jiwe limevunjwa.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni stenti. Ni mrija laini wa plastiki unaoachwa ndani, ncha moja kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, ili mkojo upite wakati uvimbe unapungua. Nisikufiche, inasumbua. Unahisi haja ndogo kila saa, mkojo unatoka na rangi ya damu, na ukikojoa unasikia mchomo unapanda hadi kwenye figo. Nilidhani nimeharibiwa. Kumbe ni kawaida, na huisha ikitolewa. Kubwa zaidi: andika tarehe ya kuitoa, mpe na mtu wa nyumbani aiandike. Stenti iliyosahaulika huota mawe juu yake, na kuitoa inakuwa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Na ukiwa na jiwe, kabla au baada ya matibabu, ukapata homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu, usisubiri kukuche. Mkojo uliozibwa ukiingiwa na vijidudu unaweza kuua. Vilevile ukikosa mkojo kabisa, au ukiwa na figo moja tu, ni hospitali saa hiyohiyo.

Vipande vya jiwe langu vilipelekwa maabara, vikarudi na jibu: kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula kama spinachi. Omba na wewe vyako vipimwe, maana kinga hutegemea aina. Mimi nimeambiwa ninywe maji ya kunitosha kutoa mkojo wa lita 2.5 kwa siku, nipunguze chumvi na nyama, nisizidishe spinachi na karanga. Maziwa nisiyaache. Watu wengi huyakimbia wakisikia neno kalsiamu, wakati kalsiamu ya chakula hukamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Takriban nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10, kwa hiyo nimeshapanga altrasaundi ya mwakani, niumwe nisiumwe.