Akipokonywa Nguvu, Shujaa Hubaki na Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma vitabu vya katuni vya mashujaa kwa miaka mingi, na kuna jambo moja linalonichosha. Kila baada ya muda shujaa hupoteza nguvu zake za ajabu, akahuzunika kwa kurasa kadhaa, kisha nguvu zikamrudia na mambo yakaendelea kama kawaida. Ikiwa sote tunajua kwamba zitarudi, tumlilie kwa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kulalamika. Mashujaa hawa ni mali ya makampuni ya uchapishaji, ambayo huwauza kwa sura iliyokwisha kuzoeleka, na kwa hiyo ni nadra sana mmoja wao kuachwa bila nguvu moja kwa moja. Hata hivyo, mimi sisomi visa hivi ili nijue kama nguvu zitarudi. Nasoma ili nione mtu huyo anafanya nini katika siku ambazo hana chochote.

Chukua kisa cha Spider-Man cha mwaka 1964, ambapo Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anajikuta hana nguvu wakati uleule maadui sita wameungana dhidi yake na kumteka shangazi yake May pamoja na Betty Brant. Anakwenda kuwaokoa akiamini kwamba anakwenda kufa. Anapokabiliana na Electro, mmoja wa maadui hao, mwili wake unalikwepa pigo la umeme kabla hajapata hata nafasi ya kufikiri, na hapo anatambua kwamba nguvu hazikuwa zimeondoka, bali zilikuwa zimezibwa na majuto yake juu ya kifo cha mjomba wake Ben. Hapa lawama yako inafika kwa sehemu, kwa kuwa ugonjwa na dawa yake vimo katika kitabu kimoja. Lakini uamuzi wa kwenda aliufanya akiwa hana kitu, na hilo haliwezi kufutwa na yaliyofuata.

Thor, shujaa ambaye ni mungu wa radi, hakupona upesi hivyo. Mwaka 2014 anaonyeshwa akiwa mwezini, akiivuta nyundo yake Mjolnir ambayo haisogei hata kidogo kwa sababu hastahili tena kuishika. Jane Foster, mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake, ndiye anayeiinua, na baadaye Thor anamwachia hata jina lake, akabaki kuitwa Odinson. Ninakiona kisa hiki kuwa kikali kuliko vingi, kwa kuwa aliyezoea kujitambulisha kwa silaha yake anapaswa sasa kujua ni nani bila silaha hiyo, naye kwa muda mrefu anashindwa vibaya: anakunywa, anagombana, anajichukia.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hakuna aliyeandikwa vizuri kuliko Storm wa kundi la X-Men. Mwaka 1984 alipigwa na silaha iliyokuwa imekusudiwa mwenzake Rogue, akapoteza uwezo wake wa kuamuru upepo na mvua. Anauguzwa na Forge, wanaanza kupendana, kisha anagundua kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeibuni silaha ile. Anaondoka kwa miguu, yeye aliyezoea kuruka. Waandishi hawakuharakisha kumrudishia alichopoteza. Walimwacha aishi na mikono yake na akili yake, pamoja na ujanja aliojifunza utotoni alipokuwa mwizi katika mitaa ya Cairo. Katika toleo la 201 la Uncanny X-Men, lenye tarehe ya Januari 1986, anapambana na Cyclops kuwania uongozi wa kundi na kumshinda, hali yeye hana nguvu yoyote na mpinzani wake anazo zake zote.

Nguvu za Storm zilirudi mwaka 1988, kama ulivyotabiri. Ningekushauri uanze na toleo hilo la 201, kisha ndipo urudi nyuma kusoma jinsi alivyozipoteza.