Kabla ya Kuisifia Dhahabu, Sugua Elektrodi

Wanafunzi wanaoanza kutengeneza sensa za dopamini (kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni) huniuliza kwanza kuhusu chembe nano, yaani ndogo mno, za dhahabu. Mimi huwauliza: elektrodi, kile kipande kinachopitisha umeme wa kipimo, umeisugua?

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilikuwa na pupa. Nilichemsha myeyusho wa dhahabu, nikamimina sitreti (chumvi ya asidi ya ndimu), nikautazama ukitoka manjano hafifu, ukapauka, ukawa zambarau, mwisho mwekundu kama divai. (Turkevich na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1951, mpaka leo sichoki kuitazama.) Nikadondosha maikrolita 5 juu ya elektrodi ya kaboni, nikapima dopamini, mkondo wa umeme ukapaa. Nikatangazia jengo zima. Msimamizi wangu akauliza tu, "Umejaribu na vitamini C?"

Nilipoitia, kilele cha dopamini kwenye grafu yangu ya mkondo kilimezwa chote. Mwilini vitamini C ni nyingi kupita dopamini, na kwenye kaboni tupu zote mbili hutoa elektroni kwenye volteji zinazokaribiana. Dhahabu yenye sitreti ina chaji hasi. Kwenye pH 7.4, kama ya damu, dopamini ina chaji chanya na huvutwa, vitamini C ina chaji hasi na husukumwa. Kwa hiyo dhahabu ilipaswa kunisaidia kuzitenganisha, lakini yangu ilikuwa imekalia uchafu wa elektrodi.

Sasa nasugua kwa unga wa alumina uliolowa: mikromita 1, halafu 0.3, halafu 0.05, mkono ukichora namba nane, na kusuuza kila hatua. Kisha naipima ikiwa tupu ndani ya ferisianidi, kemikali ya kujaribia elektrodi. Kinadharia vilele viwili, cha volteji ikipanda na cha ikishuka, vinaachana kwa milivolti 59; pengo likiwa kubwa mno, uso ni mchafu. Nikipata 80 naendelea. Siku ile ya aibu, niliporudia kipimo, zilizidi 200. Inachosha, najua. Kuna asubuhi nimesugua mara nne.

Tone la dhahabu nalo likikaushwa haraka huacha duara pembeni, kama alama ya kikombe cha chai mezani, na katikati hakuna kitu. Mimi hulifunika kwa bika (gilasi ya maabara) na kusubiri. Chupa ya dhahabu ikigeuka buluu, chembe zimeshikana, mara nyingi kwa sababu chumvi imeingia, usijaribu kuiokoa.

Dopamini itengeneze asubuhi ileile ya kupima. Ya jana iliyoanza kuwa ya kahawia, imwage.