Gitaa la umeme lililotumika: kagua shingo kabla ya kuulizia pikapu

Ndugu mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema upo Mafinga, unapiga solo kwenye kwaya, una shilingi 600,000 mkononi, na umeliona gitaa jekundu la mtindo wa Stratocaster hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambalo mwenye nalo anataka 450,000. Nyuzi zimekaa juu sana, volyumu inakwaruza ikizungushwa, na pikapu ya katikati (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) haitoi sauti. Unauliza kama ulichukue na papo hapo ubadilishe pikapu zote tatu, au uachane nalo na kuagiza jipya la bei nafuu kutoka Dar es Salaam. Mimi si fundi wa kazi hiyo. Ni mtu wa ofisini ninayepiga gitaa jioni na kushika bisibisi siku za Jumamosi, lakini tangu 2011 yamepita mikononi mwangu magitaa tisa yaliyotumika, na makosa niliyoyafanya kwa baadhi yake ndiyo yananipa ujasiri wa kukujibu.

Unaponunua gitaa la umeme lililotumika, kitu hasa unachokinunua ni shingo. Volyumu, swichi, jeki (tundu la kuchomekea waya), pikapu, funguo za kukazia nyuzi na hata daraja (kile chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi) hufungwa kwa skrubu au kuunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuvishughulikia vyote ukimweleza unachotaka. Shingo iliyojisokota, yaani upande wa nyuzi nene umeinuka na upande wa nyuzi nyembamba umelala, ni habari nyingine kabisa, na binafsi sijampata mtu wa kuninyooshea shingo ya namna hiyo tangu nianze kuhangaika na mambo haya. Gitaa langu la pili lilikuwa na shingo hiyo. Nililinunua kwa sababu liling'aa na jina lililoandikwa kichwani lilikuwa kubwa. Sasa limetundikwa ukutani sebuleni, na wageni hulisifu.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujaomba liunganishwe kwenye spika, lishike gitaa upande wa mwili, funga jicho moja, na utazame kutoka darajani kuelekea kichwani kama mtu anayekagua ubao kama umenyooka. Kingo mbili za shingo zinapaswa kwenda sambamba. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Nafasi yenye unene wa kadi ya biashara ni nzuri. Nafasi inayoweza kupitisha njiti ya kiberiti ina maana kwamba shingo imevutwa mbele na nyuzi, na uzi uliolala kabisa juu ya freti una maana kwamba shingo imerudi nyuma. Yote mawili kwa kawaida hurekebishika, kwa sababu ndani ya shingo kuna chuma kirefu chenye nati upande mmoja: ukiikaza, shingo inarudi nyuma, ukiilegeza, inakwenda mbele. Jambo la kuuliza ni kama nati hiyo bado inazunguka. Mwombe muuzaji akuruhusu uizungushe robo mzunguko tu, kisha uirudishe. Ikiwa imeng'ang'ana, au pembe zake zimeshaliwa na spana isiyo ya saizi yake, mshukuru na uondoke, hata kama bei itashuka mpaka laki mbili.

Tazama pia freti tatu za kwanza chini ya nyuzi nyembamba, maana huko ndiko wanakwaya na wapiga ridhimu huweka vidole vyao miaka nenda rudi. Vijishimo vidogo vinavumilika, lakini vikifika nusu ya urefu wa freti, uzi utakuwa unakwaruza freti kila ukiubonyeza. Jina la kichwani usilihesabu hata kidogo katika bei, kwa kuwa ni stika, na stika hubandikwa na yeyote.

Hilo la nyuzi kukaa juu lisikutishe. Litumie kupunguzia bei. Huku kwetu lina sababu ya kawaida ambayo wauzaji wengi hawaijui. Mbeya ipo mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu mno, wakati gitaa hilo pengine liliishi miaka Dar es Salaam kwenye unyevu wa pwani. Mbao zinapokauka husinyaa na shingo hubadilika, lakini chuma cha freti hakisinyai, ndiyo maana ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo mwezi wa Agosti unahisi ncha kama meno ya msumeno. Nilipokutana nazo mara ya kwanza nilidhani nimetapeliwa. Dawa yake ni kuzisugua ncha hizo kwa tupa ndogo, taratibu, na kuanzia hapo kulihifadhi gitaa ndani ya boksi lake pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu kilichowekwa kwenye kisahani cha sabuni chenye matundu. Masika yakianza, sponji iondoe.

Sasa umeme wake, ambako ndiko nilikopoteza pesa nyingi kuliko kwingine. Mwaka 2016 nilinunua Yamaha Pacifica 112 kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, kwa shilingi 380,000, nayo ilikuwa na tatizo hilohilo lako la volyumu kukwaruza. Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja mjini, mtu mzuri na mwepesi wa kazi, ambaye alifungua, akang'oa volyumu ya zamani na kufunga nyingine aliyoitoa kwenye redio mbovu. Mkwaruzo uliisha siku hiyohiyo. Lakini nilipofika nyumbani, gitaa lilisikika kana kwamba limefunikwa blanketi zito: nyuzi nyembamba hazikuwa na ukali wowote, na sauti yote ilishuka karibu nusu. Niliilaumu amplifaya, nikalaumu waya, nikabadilisha nyuzi, na kwa miezi minne nilikuwa naulizia bei ya pikapu mpya Kariakoo.

Kosa lilikuwa kwenye namba iliyochongwa mgongoni mwa ile volyumu. Iliandikwa B10K. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, na kinachotoka humo ni umeme dhaifu sana usiopenda kubebeshwa mzigo. Volyumu ya kilo-omu 10 (kilo-omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni mzigo mkubwa kwake, nayo humeza sauti kali kwanza. Gitaa lenye pikapu nyembamba za koili moja huhitaji volyumu ya kilo-omu 250, na lenye pikapu pana za koili mbili huhitaji 500. Herufi iliyo mbele ya namba nayo ina maana: A hupandisha sauti kwa namna sikio linavyopenda, ilhali B hufanya sauti iruke ghafla mwanzoni kisha isibadilike sana. Kwa hiyo unatafuta A250K au A500K, na tafadhali mwandikie fundi kwenye karatasi. Fundi wangu hakuwa na hatia, kwa maana kwenye redio kazi yake ingekuwa sahihi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba volyumu ya zamani haikuwa imekufa. Ilikuwa na vumbi tu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, ile inayokauka yenyewe bila kuacha mafuta, ingepitishwa kwenye kitobo kidogo kilicho karibu na miguu yake, kisha volyumu ikazungushwa mara ishirini huku na huko, na mkwaruzo ungekwisha. Kwenye gitaa lako jekundu anza na hilo.

Kuhusu pikapu ya katikati isiyotoa sauti, nenda na mita ya umeme na waya wa gitaa. Chomeka waya kwenye jeki, fungua volyumu mpaka mwisho, weka mita kwenye kupima ukinzani, kisha gusa ncha ya plagi kwa mguu mmoja wa mita na shina lake kwa mguu mwingine. Ukiiweka swichi kwenye kila pikapu kwa zamu, zile nzima zitakupa namba iliyo kati ya kilo-omu 5 na 8 hivi. Zote zikisoma chini ya 4, shuku kwamba kuna mtu alishafunga volyumu ya redio kama yangu. Ikiwa ya katikati haisomi kabisa, au inaruka mpaka 250 hivi ambayo ni ya volyumu yenyewe, ama waya umeachia kwenye swichi ama koili yenyewe imekatika. Bila kufungua huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo panga bei kana kwamba koili imekatika. Mara mbili nimekuta ni waya tu, na kulehemu kulichukua dakika tano.

Ndiyo maana nakusihi usinunue pikapu mpya kabla hujalisikia gitaa likiwa na nyuzi mpya, shingo iliyorekebishwa na volyumu iliyo sawa. Mvumo unaosikika kwenye spika za kanisani unatokana na umeme wetu wa hezi 50, ambao pikapu za koili moja huunasa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955 kwa ajili ya kuuzima. Lakini ukitaka solo safi ya dansi, kama zile tulizorithi kwa Mbaraka Mwinshehe na wenzake, koili moja ndiyo yenye ule mlio unaokatika vizuri, na kuiondoa kwa sababu ya mvumo ni hasara. Mimi nilipunguza mvumo kwa kubandika karatasi ya alumini ya kufungia chakula ndani ya shimo la pikapu na chini ya bamba, nikaiunganisha na waya wa ardhi. Uangalie tu isiguse mahali pa sauti, la sivyo gitaa litakaa kimya kabisa. Kuchimba mwili kwa patasi ili kuingiza pikapu pana nilijaribu mara moja, na sitalieleza gitaa lile.

Badiliko moja ninalolipendekeza bila wasiwasi halihusu umeme. Kile kijiti cha plastiki kilichopo kati ya kichwa na shingo, chenye mifereji sita inayopokea nyuzi, kwenye magitaa ya bei nafuu huwa laini na nyuzi hung'ang'ania ndani yake, ndiyo sababu unatiuni na baada ya wimbo mmoja umeshatoka. Niliomba mfupa wa paja la ng'ombe buchani, nikauchemsha mpaka mafuta yakaisha, nikauacha ukauke wiki tatu, kisha nikakata kipande kwa msumeno wa chuma na kukisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka kikawa na unene uleule wa kijiti cha zamani. Mifereji niliichonga kwa tupa nyembamba za sindano, nikiinamisha tupa kidogo kuelekea kichwani, na nikisimama mara kwa mara kujaribu uzi, maana mfereji ukizama kupita kiasi hakuna cha kurudisha. Kipande cha tatu ndicho kilichofaa. Nyumba ilinuka mfupa siku mbili, na mama watoto bado ananikumbusha.

Kuhusu amplifaya, ikiwa huyo muuzaji atakutajia na ndogo ya mtumba kutoka Japani kama nyongeza, isome nyuma kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 100, huku ni 230, na yangu ya kwanza ilitoa moshi kabla sijapiga noti hata moja. Zinahitaji transfoma ya kushusha. Na plagi yoyote iliyokatwa mguu wa ardhi usiitumie kanisani: mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo ukigusa maikrofoni, unaweza kupigwa shoti ya hatari.

Lile jipya la Dar es Salaam kwa 600,000 silidharau, ila nalo litahitaji kurekebishwa shingo na daraja likishafika huku, na hutalishika kabla ya kulipa. Hili jekundu unaweza kulishika. Ikiwa shingo imenyooka na nati inazunguka, mpe 330,000, umwonyeshe pikapu iliyokufa na umwache aseme. Zaidi ya 370,000 usipande. Salio litatosha seti mbili za nyuzi namba 9 (zile nyembamba), dawa ya kontakti, volyumu moja ya A250K ikihitajika, na nauli ya kurudi Mafinga. Hiyo volyumu agiza mapema, kwa sababu mimi nilipoitafuta madukani hapa sikuipata.