Maswali na Majibu: Kuchangamsha Wageni Katika Harusi Ndogo

Barua ninazojibu safari hii zinahusu tafrija ndogo za harusi, zile za wageni wachache zinazofanyika uani au kwenye ukumbi wa mtaa, ambazo wenyeji wake huhofia kwamba bila bendi na mapambo ya gharama wageni watakaa kimya wakitazama saa.

Swali: Tunafunga ndoa mwezi wa Agosti mjini Jinja. Tafrija itakuwa uani kwa baba yangu, wageni 60, kuanzia saa nane mchana. Fedha za bendi hatuna. Tuwachangamshe vipi?

Dada yangu, anza na viti kabla hujafikiria muziki. Mgeni hachoki kwa kukosa bendi; huchoka kwa kuketishwa karibu na watu asiowajua huku tumbo likiwa tupu. Panga meza za watu wanane wanane, na katika kila meza weka ndugu mmoja mchangamfu wa upande wenu na mwingine wa upande wa bwana harusi, uwaambie mapema kwamba kazi yao siku hiyo ni kujulisha watu. Wasiseme tu, “Huyu ni fulani.” Waseme huyu ndiye aliyesoma na bibi harusi, yule anafuga samaki kama wewe, kisha wawaache waendelee wenyewe.

Pili, weka ubao wa omweso chini ya mti. Mchezo huu, ambao ni ndugu wa karibu wa bao letu, una mashimo 32 na kete 64, nao huchezwa na watu wawili, lakini thamani yake harusini imo kwa watazamaji. Mketishe mjomba wako upande mmoja na mzee kutoka kwa wakwe upande wa pili, kila mmoja na kete zake 32, na baada ya muda mfupi utaona watu wamewazunguka, wengine wakinong’ona shimo la kuanzia, wengine wakibisha. Wakwe ambao asubuhi walikuwa wakiitana kwa heshima ya mbali watakuwa wakidaiana mchezo wa marudio. Vijana wawekee meza ya karata wacheze mchezo uitwao matatu.

Kuhusu muziki, nyimbo za kurekodiwa zinatosha, ila waulize wazee wa pande zote mbili nyimbo walizocheza ujanani na uzitie katika orodha, na sauti ibaki ya chini hadi chakula kiishe ili watu wasikilizane. Ukipata fedha kidogo, tafuta wapigaji watatu wa amadinda. Ala hiyo ina vibao 12 vya mbao vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba; wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi anazoachiwa na mwenzake, na wa tatu hugonga vibao viwili vya mwisho tu. Haihitaji umeme wala kipaza sauti, na watoto husogea wenyewe kutazama mikono inavyopishana.

Swali: Baada ya ibada tunataka kwenda kupiga picha penye chanzo cha Nile. Wageni watasubiri kama saa mbili. Je, ni vibaya?

Saa mbili ni nyingi mno, na mshereheshaji hata awe hodari namna gani hawezi kuziba pengo hilo. Pigeni picha hizo asubuhi kabla ya ibada, au siku inayofuata. Mkishindwa kabisa, basi msizidi nusu saa, na wageni wakifika wakute sambusa, karanga, gonja za kuchoma na juisi ya pasheni tayari mezani, pamoja na wazazi wa pande zote mbili wakiwa wamesimama mlangoni kuwapokea.

Swali: Baba zangu wadogo wanne wote wanataka kuhutubia, na kila mmoja anapenda kuongea kirefu. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?

Mwanangu, usimnyime mzee heshima. Mpe heshima yenye mpaka wake. Mmoja aombee chakula, mmoja awatambulishe ndugu, mmoja awakabidhi maharusi zawadi ya ukoo, na mmoja tu ndiye ahutubie. Kazi hizi zote ni za kusimama mbele ya watu, lakini tatu kati yake huisha zenyewe. Atakayewaeleza jambo hili si wewe, ni shangazi yako, naye aende nyumbani kwao wiki moja kabla. Mpangilio huo usiachiwe mshereheshaji autangaze siku yenyewe, maana mzee anayekatizwa mbele ya wakwe hasahau.

Swali: Sisi ni Wanubi wa Bombo, na bwana harusi ni Mwacholi kutoka Gulu. Nusu ya wageni hawataelewa lugha ya nusu nyingine.

Kwa maneno, tumieni Kiswahili chepesi, na matangazo muhimu yarudiwe kwa lugha za pande zote mbili kwa sentensi fupi. Msifasiri hotuba nzima, kwa sababu nusu ya watu watakuwa wanasubiri kila mara. Mengine yaachieni ngoma. Nyinyi mna doluka, na wao wana larakaraka, ambayo vijana huicheza wakigonga vibuyu vilivyokatwa nusu kwa spoku za baiskeli. Kila upande ucheze kidogo, kisha wanawake wa Bombo wawafundishe wakwe hatua moja tu ya doluka, na vijana wa Gulu wawape wenyeji vibuyu na spoku wajaribu. Watu wakikosea pamoja hucheka pamoja, na hapo hawahitaji mkalimani. Jambo moja ninalolisihi ni kwamba pasiwe na mzaha kuhusu mahari wala kabila la mtu, hata kama mshereheshaji anadai ndio mtindo wake.

Swali: Familia yetu haipendi muziki wa dansi. Je, tafrija haitapooza?

Haitapooza. Kikundi cha kasida chenye dufu, chakula cha moto kwa wakati, na nafasi ya bibi kizee mmoja kusimulia maharusi walivyokuwa utotoni, vinatosha kabisa.

Swali: Harusi yetu ni Novemba, Mbale, uwanjani. Tunahofia mvua na umeme.

Mna sababu ya kuhofia, kwani mvua za vuli huwa bado zinanyesha, mara nyingi alasiri. Kodini hema lenye kuta za pembeni, si paa tu, na likodiwe kubwa kiasi cha kuacha nafasi ya kucheza katikati ya meza. Jenereta iwe mbali na wageni na ijaribiwe siku moja kabla. Giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo keki na hotuba ziishe kabla ya hapo, na pawe na taa za betri kwenye njia ya kwenda chooni na mahali boda boda zinapoegesha.