Mutoto ametoka ku maji, anaongea, lakini musimalize hapo

Nyie bazazi ba Goma wenye batoto babo banashukaka ku ziwa kuchota maji, nawaomba musome hii.

Mutoto wa dada yangu, miaka 4, alifuata bakubwa bake na bidoni kule Keshero, akateleza ku mawe, kijana moja akamutoa. Batu bakamushika miguu kichwa chini, bengine banamukamua tumbo ati maji itoke. Apana! Maji ya mapafu haitokake vile, inatoka ya tumbo, na akitapika ile matapishi inaweza kuingia ku mapafu na vijidudu vyote. Kama hapumui, palepale bila kukawia mumupulizie pumzi ku kinywa kisha mukandamize kifua. Kama anapumua, mumulaze ubavu na mumupeleke opitali.

Wa kwetu alikohoa, akalia, akaomba ndazi, basi tukarudi nyumbani. Njo kosa yetu ile. Munganga alituambia kisha kama maji hata kidogo inaosha ule utelezi wenye unazuia vifuko vya mapafu visijikunje, oksijeni ya damu inaweza kushuka polepole, kwa hiyo bangemulinda ku opitali masaa 6 ao 8 banamuangalia tu.

Tena tukamupa amoksisilini ya kubakia ya jirani, ati ya kuzuia. Haizuie kitu. Ku maji ya ziwa na mito munaishi vijidudu kama Aeromonas na Pseudomonas, ile dawa haiviwezi, unaua vile vizaifu unaachia fasi vile vikali.

Usiku wa tatu homa ikapanda, akakataa kula. Nikainua shati yake nikaona ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi, pua inapanuka, nikawasha saa ya simu nikahesabu pumzi 56 kwa dakika moja, na mutoto wa umri ule ikifika 40 ni hatari. Tukapanda moto (pikipiki) usiku ule ule, tukaenda opitali. Radio (picha) ya kifua ikaonyesha mapafu ya kuume imeshikwa, bakamuweka oksijeni na sindano, akapona, Mungu asifiwe.

Homa ya siku ya kwanza inaweza kuwa mapafu imekasirishwa na maji tu, lakini yenye inakuja siku ya pili, ya tatu, hata kisha wiki, usingoje asubuhi. Na pumzi uihesabu mutoto akiwa ametulia, dakika nzima, akilia utahesabu uongo. Wiki mbili kisha kutoka opitali nilikuwa nahesabu kila usiku, dada yangu ameshika tochi.