Simu ya Mume, Risiti ya Mke: Bi Wakili Anajibu

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Wakili. Mume wangu ni dereva wa trela, huchukua makontena bandarini akayapeleka Malaba. Zamani akifika Mariakani tu hunipigia. Siku hizi simu huzimwa siku mbili nzima, akirudi hulala nayo chini ya mto, na tangu Ramadhani haleti matumizi. Fundi mmoja wa simu Mwembe Tayari ameniambia kwa shilingi 4,000 ataitia programu, nitasoma WhatsApp zake zote na kuona alipo, naye hatojua. Simu nilimnunulia mimi, risiti ina jina langu. Shoga yangu asema mke hawezi kushtakiwa kwa simu ya mumewe. Ni kweli? – Mama Z., Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Si kweli, na huyo shoga yako hatakuwa nawe siku ya kuandikisha taarifa polisi.

Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni haikumtengea mke mlango wake. Yauliza tu: mwenye haki ya kuruhusu, ameruhusu? Kuingia kwenye kompyuta bila idhini (na simu ya kisasa ni kompyuta) ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hicho ni kifungu cha 14. Kunasa mawasiliano ni kifungu cha 17, na hapo faini hufika milioni 10 na kifungo miaka 5. Fundi naye ana chake, cha 18, kwa kuuza programu iliyotengenezwa hasa kwa kazi hiyo: hadi milioni 20 au miaka 10. Kwa elfu nne! Ama hajui, ama ameshapiga hesabu kwamba atakayetajwa kwanza ni wewe.

Risiti isikudanganye. Yathibitisha kwamba ulilipa dukani. Simu ukishampa mtu akaitumia, akaweka namba yake ya siri, maneno yaliyomo ni yake na ya wanaomwandikia: tajiri wake, utingo wake, mama mkweo. Hao wote utakuwa umewasikiliza, na hata mmoja hukumwomba ruhusa.

Sasa njoo pale kibandani uone kinachofanyika. Fundi ataitaka simu ikiwa imefunguliwa, dakika chache tu. Atazima ulinzi wa Google, aingize programu isiyotoka kwenye duka la Google, aipe ruhusa ya kusoma kila kinachotokea kwenye skrini, kisha aifiche alama yake. Kuanzia hapo jumbe, picha na mahali alipo mumeo huenda kwenye mitambo ya kampuni ya mbali, nawe huzifungua kwa akaunti. Akaunti hiyo ameifungua nani? Fundi. Nywila anayo nani? Fundi. Picha ulizomtumia mumeo usiku akiwa safarini zimo humo humo. Na hizo kampuni zenyewe si za kuaminiwa: Marekani, mwaka 2021, Federal Trade Commission, tume ya serikali ya kulinda wateja, iliipiga SpyFone, kampuni ya programu kama hizo, marufuku ya biashara hii, kwani mbali na kuchota data za watu kwa siri, hata kuzilinda ilishindwa.

Tuseme umeona ulichokiogopa. Utakipeleka wapi? Zinaa si kosa la jinai Kenya, kwa hivyo polisi hawana la kumfanya. Ukienda Mahakama ya Kadhi, swali la kwanza litakuwa umeyapataje. Katiba, ibara ya 31, yalinda faragha ya mawasiliano, na ibara ya 50(4) yataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ukataliwe pale unapoharibu uadilifu wa kesi. Utakuwa umejishtaki kwa mdomo wako.

Lakini mwanangu, umeandika jambo zito ukalipita kama si kitu: tangu Ramadhani hakuna matumizi. Hilo ndilo la kwenda nalo kwa Kadhi, na halihitaji simu ya mtu. Chukua taarifa ya M-Pesa ya laini yako mwenyewe, ionekane lini alituma mara ya mwisho na kiasi gani. Weka daftari la deni la duka, barua ya ada ya shule, risiti ya kodi ya nyumba. Waite wazee wa pande zote mbili kwanza ukipenda. Wengine husuluhika hapo. Na kama fundi umeshampa arubuni, muachie.

SWALI: Nina tuktuk tatu Changamwe. Nataka kuweka kifaa cha kuonyesha zilipo, na kwenye simu za madereva pia. Naruhusiwa? – Mwenye Tuktuk

JIBU: Kwenye tuktuk, ndiyo, mali ni yako. Lakini mwambie dereva kifaa kipo na ni cha nini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka mtu ajulishwe taarifa zake zinapokusanywa. Iandike kwenye mkataba, atie sahihi. Kwenye simu yake, hapana. Hapo soma jibu la Mama Z. Na akimaliza zamu akaichukua tuktuk kwenda nayo kwao kwa idhini yako, usimpigie kumuuliza afanya nini Mikindani saa nne usiku.