Mwanao yuko ugenini na ameanza kubadilika

Kazi yangu ni ukalimani kwa waomba hifadhi, na wazazi waliobaki nyumbani huniuliza sana swali hili: nitajuaje kama mwanangu anavutwa na watu wa misimamo mikali? Wengi hutarajia niwatajie ndevu, mavazi au wingi wa ibada. Kijana kushika dini akiwa ugenini si dalili ya lolote. Wapo wengi ambao dini ndiyo iliyowazuia wasipotee.

Mimi hutazama nani anamsaidia. Katika nchi nyingi mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi miezi ya mwanzo. Anaamka, anakula, anashika simu, analala. Barua ikija, imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Kuna kijana niliyemsomea barua ya kukataliwa. Alisikiliza kimya, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akaisokomeza ndani ya soksi. Nje alikuwa akimngoja bwana mmoja ambaye kwa wiki kadhaa alimnunulia vocha, akamtafutia koti na kumuuliza kila siku kama amekula. Siasa hakuigusa kabisa. Mahubiri yalianza baadaye, fadhila zikiwa zimeshageuka deni.

Ndiyo maana utafiti wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2023 barani Afrika haukunishangaza, ingawa haukuwahusu wahamiaji hasa. Robo ya waliojiunga na makundi ya misimamo mikali kwa hiari walitaja kutafuta kazi kuwa sababu kuu. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Katika utafiti wa shirika hilohilo wa mwaka 2017, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kwa mfano kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Njaa ya kazi na uchungu wa kudhalilishwa: mhamiaji hubeba vyote viwili, na anayewinda vijana anajua.

Kwa hiyo mzazi, punguza kwanza habari za pesa. Kijana akijua kila simu ya nyumbani ni ya ada au matibabu, ataacha kupokea, na huyo bwana wa vocha atabaki peke yake. Piga simu umuulize amelalaje, amepika nini, anaishi na nani chumbani. Mwambie wazi kwamba hata akirudi mikono mitupu nyumba ni yake. Najua ni rahisi kusema wakati mmeuza shamba kumsafirisha.

Akianza kuwaita ndugu zake wapotovu, usibishane naye. Majibu ya mabishano hayo ameshafundishwa, na kila ukimshinda kwa hoja atawakimbilia hao waliomfundisha. Mpango wa Hayat nchini Ujerumani, unaozishauri familia za vijana wa namna hii, husisitiza jambo hilohilo: mlango wa mazungumzo usifungwe, hata akikutukana. Mtafute mtu anayemheshimu, awe mjomba, kocha wake wa zamani au shehe aliyemfundisha utotoni, naye amtafute kwa salamu tu.

(Wenyeji nao wana vijana wao wa kuwaangalia. Makundi yanayowachukia wageni hutumia chambo kilekile cha undugu na hasira, na mipango ya Exit, Sweden mwaka 1998 na Ujerumani mwaka 2000, ilianzishwa kuwatoa watu humo.)

Yote haya ni ya mtu anayebadilika polepole. Lakini akianza kuomba radhi kwa kila mtu, kulipa madeni ghafla, kugawa vitu vyake au kuzungumzia safari asiyotaka kuitaja iendako, usimfichie siri. Piga simu ya ushauri ya nchi aliyopo kama ipo, au umwombe ndugu aliye karibu naye aende kwake siku hiyohiyo. Ukisikia habari ya silaha au ya kumdhuru mtu, polisi waarifiwe mara moja, hata kama atakukasirikia kwa miaka.